Kiti mbele ya teatre

Yaya Furaha, mukubwa wangu, nakusalimia kutoka Bunia yetu ya utoto! Jana walicheza teatre mu sale kubwa ya paruasi, pembeni ya kanisa, mvua ilikuwa inapiga mabati. Mu ule muchezo, mwenye nyumba aliuliza mama moja, «Weye kabila gani?», akamunyima nyumba ya kupanga. Kisha vita ikamufukuza huyu mwenye nyumba. Akafika ku mulango ya wengine, akaulizwa vile vile. Watu wakacheka. Lakini mama muzee wa pembeni yangu alifikiri ni kweli, akabeba kiti yake mpaka mbele, akamupa ule muchezaji: «Ikala, mwanangu. Mambo ya kabila tutaulizana tukisha kula.» Hakuna mwenye alicheka tena. Unakumbuka mama yetu aliachaka kiti moja ku mulango, ya mugeni? Nililia, Yaya. Mungu akulinde. Weka kiti ku mulango, niko nakuja.