Skrini Iliyofuturisha Watu Mapema

Hamisi, ndugu yangu,

Sijui kama huko uliko mnapata habari za sisi tuliobaki. Nakuandikia tu, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumdanganya, na tangu uondoke nimewadanganya wengine wote.

Lile boksi lako limefika msikitini. Najua hilo ndilo ungetaka kusikia kwanza. Homa ilipokuchukua tukiwa hatujalimaliza, mama yako alilifunga kwenye kitenge akanikabidhi siku ya khitma: ile kadi ndogo ya kompyuta na skrini yake ya kugusa, pana kama kiganja, ikiwa bado inaonyesha saa za sala za Muyinga jinsi ulivyozipanga nyumbani kwenu. Kazi yangu ilikuwa moja. Jua la Muyinga huzama mapema kidogo kuliko letu la Gitega, basi niongeze dakika mbili, nilitundike, niende zangu.

Wazee wa msikiti wetu wa mtaa wa Yoba walikuwa wamekaa kwenye mikeka wananitazama. Waya wa umeme ulishuka kutoka juu, na tundu la boksi liko chini, ukawa haufiki. Nikalipindua boksi kichwa chini, nikaingia kwenye kadi nikageuza picha ili isomeke. Ikasomeka vizuri kabisa. Wazee wakasema mashallah, nami nikajiona injinia. Hamisi, mara ngapi uliniambia kule kibandani kwetu kwa ufundi, "Ukigeuza ekra, geuza na kidole"? Uliniambia mpaka nikawa naigiza sauti yako. Kwamba picha ya skrini ikigeuzwa, mguso haugeuki wenyewe. Unabonyeza kulia, yenyewe inasikia kushoto.

Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Niliona haya kuanza kubonyeza zile alama nne za pembeni za kurekebisha mguso, moja moja mbele ya watu, kama mtu anayejifunza kazi. Wewe ulikuwa unazigusa kwa kijiti cha meno, ulimi nje kama mtoto anayeandika, wala hukujali nani anacheka. Mimi nikabonyeza alama ya kuongeza upande wa kulia, mara mbili, kumbe skrini inapunguza. Nikabonyeza "Sawa" pale katikati, pasipobadilika hata upindue vipi, nikashuka kwenye kiti bila kutazama tena.

Siku ya kwanza ya Ramadhani muadhini akatazama skrini, akaadhini. Watu wakala tende, wakanywa uji. Mzee mmoja alikuwa na sambusa mdomoni simu ya mtu ilipoadhini mfukoni. Halafu nyingine. Watu wote wakaacha kutafuna. Ungekuwepo ungecheka kwanza, kisha ungetafuta pa kujificha. Imamu akatoka nje, akaangalia mbingu, akarudi akasema siku hiyo tutailipa sote baada ya Idi.

Akauliza nani alipanga saa. Nilijua pale pale, maana hapa Gitega hakuna kidole kingine kilichogusa ile skrini. Nikasema, "Marehemu ndiye aliipanga. Mi nimeitundika tu." Wakasema Mungu akusamehe. Nami nikaitikia amina, Hamisi. Kwa sauti, wote wakanisikia.

Nilijipa moyo kwamba aliyekufa haumizwi na maneno. Sikumfikiria mama yako, wala kwamba habari ingemfikia huko Muyinga. Wiki hii Bi Zubeda, yule jirani yenu anayeleta vitenge sokoni hapa, alipita kibandani. "Mama Hamisi iko anafunga kila siku tangu Idi ipite," akaniambia. "Anasema mtoto wake alikosesha watu saumu, anamfungia ili asishikwe huko aliko. Na ile sukari yake, we! Dawa anakunywa tumbo wazi. Si we ulikuwa rafiki yake? Enda umwongeleshe."

Nilifunga kibanda mchana ule ule. Yule mama aliyekuwa akinitengea bakuli kila nilipokuja kwenu, akanijazia kabla hajakujazia wewe ukanuna, sasa anashinda na njaa kwa uongo wangu. Sina jina la kujiita. Nimekaa na aibu hii chumbani kwangu, nalala nayo, naamka nayo, na hata kuswali naswali nyuma kabisa karibu na viatu.

Skrini nilishaiweka sawa usiku wa siku ile ya kwanza, watu walipoondoka. Nilichukua kijiti cha meno, nikagusa alama zote nne, nikaongeza dakika, nikatazama mara tatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hicho ndicho kinachonitafuna: kazi ndogo namna hiyo, nikaona bora nikuchafulie jina.

Ijumaa nitasimama baada ya sala niwaambie watu wa Yoba ni mkono wa nani. Wanaweza kunitoa kwenye kazi zao zote, ni haki yao. Lakini siwezi kumwacha mama yako asubiri hadi Ijumaa. Kesho alfajiri napanda gari la Muyinga. Nitamwambia mbele ya Bi Zubeda, ili asije akadhani namfariji tu, na nitakaa hapo mpaka nimwone anakula mchana kweupe.

Pumzika, ndugu yangu. Huna kosa lolote la kufungiwa. Na akinifukuza nitakaa nje mlangoni, lakini chakula chake nitahakikisha kimeingia.

Wako, niliyekusingizia,
Saidi