Nimeifanya Hereni ya Mke Wangu Usukani

Anti Biubwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimekonda, na mambo yenyewe siwezi kumweleza mtu yeyote hapa Kibaha. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mwalimu, nina mke na watoto wawili, pombe sinywi, sigara sivuti, wanawake wa nje sina, starehe yangu ni moja tu, kuunganisha magari madogo ya mashindano, yale yanayokuja vipande vipande kwenye boksi, unapiga msasa, unapaka rangi, unabandika kwa gundi, mpaka linatoka gari kamili la kukaa kiganjani, milango inafunguka, injini unaiona, na mpaka leo ninayo thelathini na moja kwenye kabati la sebuleni, na naomba usicheke.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa namalizia jekundu moja la kupeleka kwenye maonyesho ya kikundi chetu, kwa sababu kila mwaka anashinda Abeid wa Kisarawe, na safari hii nilisema hashindi, lakini usukani ulikuja umevunjika, nikahangaika wiki mbili na waya, haukukaa, ndipo siku moja mke wangu yuko kazini nikaiona hereni yake ya dhahabu ya duara, aliyopewa na bibi yake, nikaipima kwa rula, Anti, ilikuwa saizi ile ile, nikachukua moja nikaibandika kwa supagluu, nikijua yeye huzivaa Krismasi tu na mimi nitairudisha maonyesho yakiisha.

Nilishinda. Lakini wiki hiyo hiyo mke wangu akaalikwa harusi, akaitafuta hereni hakuiona, akamshuku Vailet, dada yetu wa kazi anayetoka Mzenga, akampekua begi, na mimi ndiye niliyeshika tochi ya simu wakati tunatafuta chini ya kitanda chake, Vailet akalia akasema, "Baba, mimi sijachukua, wewe si unanijua?" nami nikamjibu, "Vailet, sema tu ukweli, mama atakusamehe," sijui maneno yale yalitoka wapi, akaletewa Biblia akaapa, na bado akafukuzwa jioni ile ile, na mke wangu akampigia mama yake simu akamwambia binti yako ni mwizi.

Sasa nasikia huko Mzenga kuna kijana alikuwa ameshapeleka barua ya posa kwa kina Vailet, na wazee wake wamesikia habari za wizi, na Jumamosi hii wanakuja kuivunja hiyo posa. Silali. Nikiing'oa hereni, dashibodi yote itapasuka, na ndilo gari lililoshinda. Je, Anti, kuna dawa ya kuyeyusha supagluu bila kuharibu rangi? Na nikishaitoa, niidondoshe nyuma ya kabati la nguo ili mke wangu aiokote mwenyewe akifagia, yaishe kimya kimya?

Jina kapuni, Kibaha

ANTI BIUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Umeniomba nisicheke. Samahani, nilicheka mpaka nilipofika kwenye tochi, hapo nikaacha.

Starehe yako sina ugomvi nayo. Mwanaume anayetulia nyumbani na msasa na gundi ana nafuu kuliko wengi ambao wake zao huniandikia. Lakini hebu isome barua yako kwa sauti. Umeniuliza maswali mawili: moja la gundi, la pili la kumdanganya mkeo. La Vailet hukuuliza. Umemtaja kama mtu anavyotaja mvua iliyomchelewesha kazini.

Binti ameapa kwa Biblia mbele yako, nawe unajua hereni iko sebuleni, kwenye kabati, inang'aa. "Sema tu ukweli"! Mwanaume mzima, mwalimu wa watoto wa watu, unamhimiza mwenzio aseme ukweli ulioubandika wewe kwa supagluu. Na eti hujui maneno yalitoka wapi. Nikuambie: yalitoka kwenye hofu ya kumrudishia Abeid ushindi. Nimekasirika, na sioni haya kuandika hivyo gazetini.

Hilo la nyuma ya kabati lifute kabisa. Mkeo ataiokota hereni, atafurahi, kisha atasema Vailet aliificha pale akakosa nafasi ya kuichukua. Utakuwa umelala vizuri, na binti atabaki mwizi vile vile.

Dawa ya gundi ninayo, inaitwa bisibisi. Ng'oa. Dashibodi ikipasuka, ipasuke; hata Abeid ana haki ya kujua kwamba alishindwa na vito vya bibi wa watu. Mpe mkeo hereni mkononi, na gundi yake hivyo hivyo, mweleze, halafu ukae hapo umsikilize mpaka amalize, hata ikichukua muda. Naye ana lake la kujibu, maana simu aliipiga yeye. Kisha nendeni Mzenga wote wawili, leo. Una magari thelathini na moja na hakuna hata moja litakalokufikisha, kwa hiyo mkapande basi kama sisi wengine. Usitume meseji, usitume mtu, usitangulize kilo mbili za sukari. Simama uani kwao, mbele ya wazazi wake, majirani wakisikia, useme: hereni niliichukua mimi. Halafu mwombe baba yake akupeleke kwa wazee wa yule kijana, ukaseme tena, kwa sauti ile ile aliyoitiwa mwizi. Usimwombe arudi kazini kwako. Akikataa kukusamehe, usimbembeleze. Ana sababu zake na unazijua.

Jina lako nimelificha, ndiyo desturi ya ukurasa huu. La Vailet sikulificha, wala la Mzenga, na nimefanya makusudi. Gazeti likitoka asubuhi, kule linafika mchana. Ukiondoka sasa hivi, utalitangulia.