Kartushi Namba Moja kwa Kanga

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumamosi

Na huyu muteja wangu pia, nani anauliza fundi wa nguo mambo ya bunduki? Wiki jana nilienda Likuni kumupima gile, kizibao cha kuwindia, abwana mumoja anayejua Kiswahili kwa kuendesha malori ya Dar miaka mingi; alikuwa anajitayarisha kwenda kuwinda. Akaniuliza: "Fundi, kwenu Fizi kanga mlipiga kwa risasi gani, kartushi namba moja au namba sita?"

Nikajibu kama muwindaji mukubwa: namba moja. Kichwani nilikuwa na sindano za mashine, ambazo namba ndogo njo nyembamba. Nikaona kanga ni ndege tu, chembe ndogo za risasi zinamutosha.

Jana jirani anayejua bunduki akanieleza: kumbe kwa kartushi hesabu inageuka! Namba moja iko na chembe kubwa, tena chache. Zinaachana njiani, kanga anapita katikati. Ya ndege njo namba sita, chembe ndogo nyingi. Mi, mwenye kutoa suruali tatu katika kitambaa cha mbili!

Leo nimemupelekea gile na woga mutupu. Barafiki zake wanne waliahidi kushonesha kwangu, na kazi hiyo njo ingenipatia mashine ya pili.

Akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akanitazama.

"Kanga wote ni wazima, fundi. Wanakusalimu."

Nikaomba radhi. Nikaanza kueleza habari ya sindano, akacheka mpaka akaketi.

"Marafiki zangu watakuja Jumatatu," akasema. "Wewe wapime vifua. Kartushi nitawachagulia mimi."