Willis Hakutazama Miguu

Mtaa wa Ziwani

Winny binti yangu,

Mimi baba yako niko na miaka themanini na mbili. Nimemzika mama yako, nimewazika wenzangu wote wa karakana ya reli, na bado natafuna mahindi choma kwa meno yangu. Kwa hiyo usinipigie kelele kwa simu kama mtoto.

Huku mvua imeingia hadi ndani. Kuku wako mweupe ameanza kutaga.

Ati nisiseme neno kwenye mazishi ya ndugu yako, kwa sababu mimi ndiye nilimfundisha kushika stima. Uongo. Sikumwambia hata neno moja. Ni kweli, stima ikipotea mimi huunga waya kwa mkono mtupu, na majirani wote hutoka kutazama. Wananiita Injinia. Lakini mimi huvaa akala, ule mpira mzito wa tairi, na stima haipiti hapo. Willis tangu utotoni alitazama mkono tu. Miguu hakutazama. Sasa fundi asimame mbele ya watu aeleze viatu vyake?

Jumanne alisimama kwa maji bila viatu, akashika waya. Ijumaa tunamleta huko nyumbani, na nitasema kaburini, utake usitake.

Ukiona nadanganya, muulize Millicent wa mlango wa pili. Alimpigia kelele, "Wee Willis, utakufa!" Naye akacheka, akamjibu, "Mama, mzee wangu hufanya hivi kila siku na hafi."

Ni mimi baba yako,
Nahashon