Vitako vya Vitunguu Dirishani

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Wajukuu wangu wazima? Mimi mzima ila goti, hilo tumeshalizoea. Basi wifi yako kavimwaga! Vile vitako vya vitunguu majani nilivyovitia kwenye bilauri ya maji dirishani viote tena, na lile shina la saladi lililoanza kutoa majani katikati, madogo kama masikio ya panya. Vyote, pipani! Eti maji yananuka. Yasinuke vipi, na mimi goti limenilaza kitandani, hakuna hata mmoja wa kuyabadilisha? Asubuhi unamwaga, unatia mapya, kwisha. Kazi hiyo nayo inataka digrii? Marehemu baba yako alikuwa mchafu, soksi zake zilisimama zenyewe, lakini kitu kinachoota hakutupa.

Nimemwambia kaka yako. Kajibu, "Mama, si vitunguu tu?" Vitunguu tu! Nyumba nzima hii kilichokuwa changu ni lile dirisha la jikoni. Njoo unichukue mwisho wa mwezi. Sikai.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Sisi hatujambo, pole na goti. Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Chumba kipo, na dirisha lina jua. Lakini mama, mbona mwandiko ni wa wifi?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Hamjambo huko? Hapa wazima, tumenuniana tu. Sasa ulitaka aandike nani, paka? Kalamu mimi naijulia wapi? Ni wifi yako ndiyo, na hata sasa kainamia karatasi. Nilimwambia andika kama ninavyosema, usinipunguzie. Kufika kwenye neno pipa akasita: "Mama, mimi sikujua vinaota tena. Kwetu tulikuwa tunatupa." Hujui, si uulize? Mdomo unakodishwa? Hiyo nayo iandike. Nguo nimeshafunga, bado viatu. Na mwambie mumeo lile godoro aliloni—

Ngoja, kaka yako anapiga kelele bafuni. "Mama! Nani katia vitunguu kwenye kikombe changu cha kunyolea?" Vitunguu gani? Mimi sijatia kitu! Vina mizizi? We! Usimwage! Ukivigusa utanitambua, nakuja—

Wifi, habari za huko? Mama keshakwenda, hata fimbo kaisahau. Niliyevitia ni mimi, na maji nabadilisha kila asubuhi. Sasa anamgombeza kaka yako, na kikombe kishakuwa cha mama. Mwisho wa mwezi njoo kutusalimia tu.

Wifi yako