Kengele ya Zamu ya Mikorosho

Jumatatu, 7 Julai
Nimeamshwa tena na programu yangu mwenyewe. Imechelewa dakika tatu, si kitu. Niliishia kidato cha pili, lakini Ruponda nzima nani mwingine katengeneza programu ya simu? Iko kwenye simu kumi na moja. Inaamsha kila nyumba alfajiri ya zamu yake ya mashine ya kupulizia mikorosho. Umande ukikauka na upepo ukaanza, unga wote wa salfa, dawa ya mikorosho, unakwenda porini. Zamani Baba Mkubwa Saidi, mwenye mashine, alikuwa anapita kugonga milango. Nimemwambia sasa alale, apumzishe miguu.

Jumatano, 9 Julai
Kwa Mama Zuhura imechelewa nusu saa. Nikamtania kwamba usingizi wake umeishinda simu. Hakucheka. Nilipofika nyumbani na mimi sikucheka. Keshokutwa zamu yetu, kisha mashine inakwenda kijiji cha Nandagala wiki mbili. Maua ya mikorosho ya mama upande wa bondeni yameshaanza ugonjwa wa ubwiri unga, meupe kabisa. Tukikosa zamu hii, msimu umekwenda. Naogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Ruangwa, kwa Juma, fundi simu. Kaisoma kazi yangu, kacheka mpaka kashika meza. Kumbe programu inahesabu sekunde mojamoja kama mtoto wa chekechea. Kioo kikizimika simu inasinzia, hesabu inasimama.
"Acha kuhesabu, bwege. Iandikie saa ya kulia, simu yenyewe ndiyo iiamshe."
Tumebadilisha. Tumejaribu mara nne, sawa. Ya tano, kimya. Kumbe simu ilikuwa kwenye kuokoa chaji, ikaiua programu. Tumeuzima huo mpangilio. Kwangu tu. Zile simu nyingine kumi je?

Ijumaa, 11 Julai
Imelia saa kumi na moja kamili. Nilikuwa macho tangu saa tisa, nimekaa naitazama. Tumemaliza mistari yote kabla ya upepo. Mama kajaa unga wa salfa mpaka kwenye kope. Kanimegea muhogo mkubwa kuliko wake.

Jumamosi, 12 Julai
Nimezunguka nyumba kumi kurekebisha simu za watu, moja moja. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Baba Mkubwa. Nikabisha.
"Karibu, mgonga milango," kasema.
Kanisogezea kigoda. Tumekunywa chai.