Sabuni za Idi na Funda Moja la Nasra

Dada yangu Zuwena,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike hapa Ibra, Omani, na bado sijaweza kukusomea Yasini nikaifikisha mwisho. Basi nakuandikia, kwa Kiswahili chetu cha Unguja, maana haya kwa Kiarabu siyawezi.

Unazikumbuka sabuni zetu? Tulianza kuzipika Rajabu ili zikauke kabla ya Idi. Wewe ukipima mafuta ya nazi, mimi nikikoroga na mwiko mpaka mkono ufe ganzi. Tulizimimina kwenye vikopo vya jeli, nyekundu, za kijani, za manjano, na ndani ya kila moja ukazamisha kinyama cha plastiki: ngamia, kasa, simba. Siku ya Idi watoto wa mtaa walijaa mlangoni, kisha kutwa nzima wananawa, vidole vimewakunjamana, kila mmoja anataka awe wa mwanzo kumtoa mnyama wake. Mwaka mmoja Nasra wako alioga mara tano kabla ya adhuhuri. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sharti lako lilikuwa moja. Maji ya kostiki, yale yanayounguza, hayatiwi chombo cha kunywia. Yalikuwa na jagi lao, limefungwa kitambaa chekundu, linakaa juu ya kabati.

Ile Shaabani ya mwaka tisini na sita ulikuwa umekwenda sokoni. Jagi lilikuwa chafu, nikaona uvivu kuliosha. Nikayachanganya kwenye bilauri, nikaiacha mezani ipoe. Simu ikalia: mchumba wangu, kutoka Nizwa. Nilizungumza naye, nikacheka naye. Nilipomsikia Nasra analia, alikuwa amekwisha kunywa funda moja. Alikuwa na miaka minne.

Ulitukuta tunatoka mlangoni, nimembeba, midomo imemvimba. Uliiona bilauri mezani, ukampokea mwanao. Kule hospitali, shemeji alipofika akataka kujua nani aliyeiacha ile bilauri, nilifumbua kinywa. Ukanibana mkono.

"Ni mimi," ulimwambia.

Kisha ulinivuta pembeni, ukanikumbusha kuwa harusi yangu ni baada tu ya Idi, na watu wa Nizwa hawatamtaka mwanamke aliyeunguza mtoto. "Nyamaza, mdogo wangu. Mimi nishaolewa, hawatanifanya kitu."

Walikufanya, dada. Mwaka haukwisha shemeji alikupa talaka, na Nasra akampeleka kwa bibi yake mzaa baba, Sur. Alipasuliwa koo mara kwa mara. Alikua kwa uji na supu, sauti yake ikabaki ya mkwaruzo, na kila siku akiambiwa kuwa mama yake ndiye aliyemuunguza. Kila Idi ulikwenda Sur na mfuko wa nguo, na kila Idi alijifungia chumbani. Mara mbili nilifuatana nawe. Nilikaa garini.

Sasa ana miaka kumi na sita. Alikuja siku ya tatu ya matanga, akakaa karibu na mlango, hakulia. Nikamwita chumbani kwako nikamweleza yote. Nilitamani anipige. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Idi iliyopita alinigongea mlango, sikufungua," alisema. "Sasa nikamwombe radhi wapi, mama mdogo?"

Alivaa abaya yake akarudi Sur, na simu zangu hazipokei. Mume wangu naye nimemwambia. Tangu juzi hajanisemesha.

Miaka kumi na miwili nilikuwa na watoto watatu mezani kwangu, nawe ulikula peke yako. Nilikuwa nikijiambia nitasema Idi ijayo. Sikuombi unisamehe, dada; najua ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwenyezi Mungu akupe huko uliko yale niliyokunyima mimi hapa.

Mdogo wako wa tumbo moja